Mfiwa Aliyegeuka Mpelelezi

Hapa Lanet, upande wa mashariki wa Nakuru, iko desturi ya watu kukutana jioni penye duka moja karibu na barabara kuu ya Nairobi. Mmoja hutoka shambani, mwingine hutoka ofisini, na kila mtu huja na maneno yake. Katika kikao hicho yumo mzee mmoja aliyetumikia polisi miaka mingi katika idara ya upelelezi, na sasa amestaafu, anafuga ng'ombe wa maziwa. Juzi kijana mmoja alimwuliza, "Mzee, askari wa upelelezi akifiwa na mtu wa nyumbani kwake, naye marehemu ameuawa, je, hupewa yeye kazi ya kumtafuta mwuaji?"

Mzee alijibu upesi. "La, mwanangu. Hata akiomba kwa machozi hapewi. Mwenye msiba huona hatia katika kila uso." Kisha akanyamaza, akavuta kiti chake karibu na taa, akasema, "Lakini yupo mfiwa mmoja ambaye bila yeye kesi isingekuwapo kabisa. Naye hata askari hakuwa. Alikuwa mwenye mahoteli."

Wazee waliokuwapo walimjua mara moja mtu aliyetajwa. Vijana hawakumjua, na ndiyo sababu nimeona yafaa kuiandika habari yake, maana ni habari ya nchi yetu, tena imo ndani yake fundisho la kazi ya mikono ya watu kama mimi, yaani makarani.

Kutoka kwetu, mtu aendaye Maasai Mara hupanda Njoro, akapita Mau Narok penye mashamba mapana ya ngano, akateremka hata mji wa Narok, na kutoka huko akafuata njia ya mbuga. Miaka ile safari hiyo ilikuwa ya vumbi na mashimo. Kila mwaka, kati ya Julai na Oktoba, nyumbu kwa maelfu na maelfu huvuka kutoka Serengeti, wakaja Mara kutafuta majani, na wageni kutoka nchi za mbali huja kuwatazama na kuwapiga picha. Mmoja wa wageni hao, mwaka wa 1988, alikuwa Bi. Julie Ward, msichana wa Kiingereza wa miaka 28, mwenyeji wa mji wa Bury St Edmunds. Alikuwa amelivuka bara la Afrika kwa gari, na aliwapenda wanyama mno.

Alikwenda Mara mwanzo wa Septemba pamoja na rafiki yake mmoja, kwa motokaa ndogo aina ya Suzuki. Motokaa ikaharibika. Rafiki yake akarudi Nairobi kwa ndege, naye Julie akabaki akiingojea itengenezwe. Tarehe 6 Septemba, 1988, ilipokwisha kutengenezwa, aliondoka katika hoteli ya Mara Serena, akapitia kambi ya Sand River, karibu na mpaka wa Tanzania, kuchukua vitu vyake vya kambi. Alikusudia kurudi Nairobi. Tangu siku ile, katika wale waliotoa habari zao waziwazi, hakuna aliyesema amemwona tena akiwa hai.

Siku zilipopita pasipo habari, baba yake, Bwana John Ward, alipanda ndege akaja Kenya. Hakukaa mjini kungoja barua za ofisi. Alikodi ndege ndogo zikapaa juu ya mbuga kumtafuta mtoto wake kama mchungaji atafutavyo ndama aliyepotea. Tarehe 13 Septemba motokaa ikaonekana imekwama katika korongo lenye matope, na juu ya paa lake zimeandikwa kwa matope herufi za kuomba msaada. Siku hiyo hiyo, kilometa kadhaa mbali na motokaa, yalionekana majivu ya moto, na karibu yake sehemu ya mguu wa kushoto na kipande cha taya. Mzee huyu aliyaona kwa macho yake. Ndicho kilichosalia cha binti yake.

Msomaji mwenye mtoto ataelewa kwamba hapa sina la kuongeza.

Basi ndipo yakaanza mambo ambayo yaliifanya kesi hii ijulikane ulimwenguni. Wakubwa wa polisi walisema kwamba marehemu ameliwa na wanyama wakali. Yalisemwa na mengine pia, hata kwamba pengine alijiua mwenyewe au alipigwa na radi. Yafaa kukumbuka kwamba wakati ule utalii ulikuwa ukiiletea nchi fedha nyingi sana za kigeni, na habari ya mgeni aliyeuawa mbugani si habari ambayo mtu yeyote serikalini angependa isomwe London. Mgeni aliyeliwa na simba ni bahati mbaya. Mgeni aliyekatwakatwa na kuchomwa moto ni jambo jingine.

Wakulima wenzangu wa Lanet hawahitaji kuwa madaktari ili walipime neno hilo. Ni nani kati yetu asiyepata kuamka asubuhi akakuta ndama ameliwa na fisi? Mfupa uliovunjwa na fisi twaujua: kingo zake zimechanikachanika, pana alama za meno, na vipande vyake vimetawanyika. Na mfupa uliokatwa kwa panga au shoka mahali pa mchinjaji twaujua pia, kwa kuwa umekwenda sawa kama ubao uliopitiwa na msumeno. Mtoto wa darasa la nne akiwekewa mifupa miwili hiyo mezani ataitenga. Zaidi ya hayo palikuwa na majivu. Simba hajui kuwasha kiberiti. Bwana Ward aliposikia maneno ya wanyama aliuliza swali hilo hilo, nalo halikupata jibu. Baadaye, mwaka wa 1991, alipoandika kitabu cha habari zake, alikiita *The Animals Are Innocent*, maana yake wanyama hawana hatia.

Sasa nafika penye jambo ambalo, mimi nikiwa karani, hunichoma kuliko yote.

Mabaki yalipofikishwa Nairobi yalichunguzwa na Daktari Adel Shaker, mganga wa serikali, Mmisri. Daktari huyu aliona kama ambavyo mchinjaji yeyote angeona: mguu umekatwa kwa kitu chenye makali, kisha umechomwa moto. Akaandika hivyo katika taarifa yake. Lakini taarifa ilipomfikia Bwana Ward haikuwa tena kama ilivyoandikwa. Mkubwa wa madaktari hao, Daktari Jason Kaviti, alikuwa ameibadilisha. Maneno ya kukatwa kwa makali yaliondolewa, na mahali pake yakaingizwa maneno ya kupasuka na kuraruka. Maneno machache tu, nayo yalitosha kumgeuza mwuaji kuwa mnyama. Baadaye, mambo yalipofika mbele ya hakimu, Daktari Shaker alisimama akasema wazi kwamba maneno yale si yake.

Watu wa nje wakisoma habari hii hudhani kwamba uovu mkubwa hufanywa kwa bunduki na usiku. Mimi nimekaa ofisini zaidi ya miaka kumi, nami nasema kwamba mara nyingi hufanywa mchana, kwa kalamu, mtu amekaa kitini na kikombe cha chai mkononi. Tena mfanyaji hajioni kuwa mbaya. Hujiambia kwamba anasahihisha tu.

Nitatoa ushahidi dhidi ya nafsi yangu. Nilipokuwa karani kijana, katika ofisi ambayo sitaitaja, mkubwa mmoja aliniletea daftari la kuandikishia barua ziingiazo. Ilikuwamo barua ya mjane aliyeomba kushughulikiwa kwa habari ya shamba la marehemu mumewe, nayo ilikuwa imelala miezi minne katika sanduku lake pasipo kujibiwa. Akaniambia, "Hebu sahihisha tarehe hii." Nami nikaisahihisha. Nilikwangua kwa wembe, nikaandika tarehe ya juma lililopita kwa mwandiko mzuri niliofundishwa na walimu wa misheni. Yule mama alipokuja kuuliza, nilimfunulia daftari nikamwonyesha. Aliitazama ile tarehe kwa muda mrefu. Alijua kusoma. Kisha akasema, "Ahsante, baba," akajifunga kanga yake akaenda zake. Sikumwona tena. Haikuwa mauti ya mtu, wala sijifananishi na mambo ya Mara, lakini kila nisomapo juu ya ile taarifa ya daktari huuona wembe ule.

Turudi kwa Bwana Ward. Alipoona kwamba taarifa imeharibiwa, hakupiga kelele na kurudi kwao. Alifanya kama afanyavyo askari wa upelelezi aliyefundishwa vyema: alitafuta shahidi wa pili. Mabaki yalichunguzwa huko Uingereza na Profesa Austin Gresham wa Cambridge, mtu mwenye sifa katika kazi hiyo, naye akaona kama alivyoona Daktari Shaker, kwamba mguu umekatwa kwa chombo chenye makali. Kwa hiyo walikuwa waganga wawili wa nchi mbili mbalimbali, na neno lao lilikuwa moja.

Halafu alilifuata daftari jingine. Penye lango la Sand River wageni huandikwa waingiapo na watokapo, na sahihi ya Julie ilikuwamo katika daftari la hapo. Baba aliitazama sahihi ile. Barua za mtoto wake alikuwa nazo nyumbani, na mkono wake aliujua tangu alipoanza shule. Alishikilia kwamba sahihi ile haikuandikwa na binti yake, na jambo hilo likawa moja ya mambo mazito yaliyoulizwa katika kesi. Angalieni basi: katika mbuga pana vile, yenye simba na mito na nyumbu wasiohesabika, sehemu kubwa ya ukweli ilikuwa imelala katika karatasi mbili, moja ya daktari na moja ya langoni.

Mwezi wa Oktoba, 1989, baada ya uchunguzi wa kifo uliofanywa wazi kortini Nairobi, Hakimu Joseph Mango alitoa uamuzi kwamba Bi. Julie Ward aliuawa na binadamu. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 1 tangu majivu yale yaonekane. Nataka kulisema jina la hakimu huyu kwa heshima. Ni rahisi watu kusimulia habari hii kana kwamba Mzungu mmoja alipigana na Waafrika. Sivyo. Daktari aliyekataa maneno yake yabadilishwe alikuwa mtumishi wa serikali ya Kenya, na hakimu aliyesema kweli alikuwa Mkenya, katika korti ya Kenya, siku ambazo kusema kweli ya namna hiyo hakukuwa jambo dogo.

Mambo yaliyofuata nitayapitia upesi, kwa kuwa hayakufika mwisho. Mwaka wa 1990 Rais Daniel arap Moi aliruhusu makachero wa Scotland Yard waje, nao wakachunguza. Mwaka huo huo makachero wengine wa Scotland Yard walikuwa nchini kwa ajili ya kifo cha waziri wetu wa mambo ya nchi za nje, Dkt. Robert Ouko, na kifo hicho nacho hakikumpata mtu wa kuhukumiwa. Kwa kesi ya Julie Ward walishitakiwa walinzi wawili wa mbuga. Mwezi wa Juni, 1992, Jaji Fidahussein Abdullah aliwaachilia, kwa kuwa ushahidi haukuwafikia, akaulaumu upelelezi wenyewe. Baadaye alishitakiwa mtu wa tatu, aliyekuwa mkubwa wa walinzi, naye akaachiliwa na korti mwaka wa 1999. Watu hao watatu mbele ya sheria hawana hatia, na ndiyo maana sikuandika majina yao hapa, ingawa magazeti ya wakati ule yaliyaandika kwa herufi kubwa. Mwaka wa 2004 uchunguzi wa kifo ulifanywa tena, safari hii Ipswich, Uingereza, na uamuzi ukawa kwamba aliuawa kinyume cha sheria. Nani aliyemwua, hapana aliyethibitishwa.

Nilimweleza mzee wetu wa polisi habari hizi zote jioni moja, nikitumaini atakiri kwamba kanuni yake ya kuwazuia wafiwa si ya haki. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Karani, wewe umeyataja mazuri ya mfiwa. Je, mabaya yake umeyaona?" Nikamwuliza ni yapi.

Akanieleza kwa utaratibu, kama mtu atoaye ushahidi. Askari wa upelelezi, alisema, ana kesi nyingi mezani. Moja ikimshinda huifunga jalada lake, huirudia siku nyingine akipata habari mpya, na katikati hulala usingizi. Mfiwa ana jalada moja tu, wala halifungiki. Kwa hiyo huona lile ambalo aliyechoka halioni, na hiyo ni nguvu yake. Lakini hana wa kumwambia, "Hapo umekosea." Akimshuku mtu leo, kesho kila kitu kitaonekana kumwelekea mtu huyo. "Mimi," alisema, "nilipofiwa na kaka yangu nilikuwa Inspekta. Aligongwa na gari usiku, na dereva akakimbia. Mwenzangu ndiye aliyepewa kazi ile. Nilimletea majina matatu ya watu niliokuwa na hakika nao. Wote watatu hawakuwamo. Dereva alikuwa mgeni kabisa, alipatikana kwa kioo cha taa kilichovunjika. Kama ningepewa mimi kesi ile, mtu mmoja katika wale watatu angalifungwa."

Sikuwa na jibu. Tena ni kweli kwamba Bwana Ward mwenyewe, alipokuwa mzee sana, aliwalaumu hadharani watu ambao korti yoyote haijapata kuwashitaki, nami sitayarudia maneno yale katika ukurasa huu. Lakini nilimwuliza mzee swali moja: kaka yake alikuwa na mwenzake wa kuichukua kesi, je, mtu afanye nini ikiwa wale waliopewa kazi ndio wanaosema ni wanyama? Mzee alitazama barabarani, magari ya mizigo yakipanda kuelekea Gilgil, akasema, "Hapo, mwanangu, mfiwa atapeleleza. Nani atamzuia?"

Bwana John Ward alikuja Kenya zaidi ya mara 100 kwa ajili ya jambo hili moja, na fedha alizotumia zilikaribia pauni milioni mbili. Wako waliomcheka, wakisema kwamba kama angalikuwa mkulima maskini wa Bahati au Njoro asingaliweza hata nauli ya mara ya kwanza. Ni kweli, na neno hilo ni chungu. Wako akina baba wengi katika nchi hii ambao watoto wao waliokotwa kando ya njia, wakaandikiwa karatasi, nao wakaipokea karatasi wakaizika pamoja na mtoto, kwa kuwa hawakuwa na fedha za kumlipa profesa wala ndege. Sijui kama hiyo ni sababu ya kumlaumu yule aliyekuwa nazo.

Jambo moja hunishangaza nikiyafikiri hayo. Katika miaka ile yote hakuchoka kuomba karatasi. Aliomba nakala ya taarifa ya daktari, nakala ya daftari la lango, barua za ofisi moja kwenda ofisi nyingine. Makachero wa vitabuni hufuata nyayo na matone ya damu. Yeye alifuata mihuri na sahihi, alisoma kila mstari mara mbili, na kila mara alitaka kujua ni mkono wa nani ulioandika. Nadhani wako makarani wengi, Nairobi na London, waliolichukia jina lake lilipoonekana juu ya bahasha.

Alifariki mwaka wa 2023, akiwa mzee wa karibu miaka 90. Miaka 35 ilikuwa imepita tangu siku ile ya majivu, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa amehukumiwa.

Yule mjane wa tarehe yangu iliyokwanguliwa, kama yu hai, sasa atakuwa mtu mzima sana. Daftari lile bado liko katika ofisi ile. Nililiona mwaka jana nilipotumwa huko kwa shughuli nyingine, limewekwa rafu ya chini, limeanza kuliwa na mchwa pembeni. Nililifungua. Ukurasa umekuwa mwembamba pale nilipokwangua, na ukiuinua kwenye dirisha mwanga hupita.